Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: tunaomba stoo ya vifaa vya kuchezea vya watoto wa awali

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu, Mkoa wa Kigoma.

Kupitia: Kwa umma, baada ya njia nyingine zote kutopata jibu.

YAH: OMBI LA KUFUNGULIWA STOO YA KUHIFADHIA VIFAA VYA KUCHEZEA VYA DARASA LA AWALI

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa mtoto wa darasa la awali na mjumbe wa kamati ya shule katika mojawapo ya shule za msingi zilizo kando ya Ziwa Tanganyika, ndani ya halmashauri unayoiongoza. Sitaitaja shule kwa jina, kwa sababu mwalimu wa darasa husika ni mtumishi wako na nisingependa aitwe kuulizwa kwa nini mzazi ameandika. Barua zilizokwisha kufika ofisini kwako zina jina hilo, muhuri wa shule na sahihi za wajumbe, na masijala inaweza kuzitoa wakati wowote. Ombi letu lilianzia kwa mwalimu mkuu, likapanda kwa afisa elimu kata, likafika idara ya elimu ya awali na msingi. Na kila lilipofika lilipokelewa kwa lugha nzuri, pasipo jibu la maandishi hata mara moja. Ndiyo maana leo ninaandika mahali ambapo kila mtu anasoma.

Vifaa tunavyoviombea stoo ni vile ambavyo mtoto anaweza kuvibeba, kuvipanga, kuviunganisha, kuvibomoa na kesho yake kuvipa kazi nyingine kabisa: vipande vya mbao, magogo mafupi, kreti za soda, madumu matupu ya mawese, maboya ya nyavu yaliyochakaa, kamba, vitenge vikuukuu, matairi ya pikipiki, roli za mbao zilizokuwa na nyaya za umeme, vizibo, kokoto na maganda ya mise, yaani kokwa za michikichi. Hakuna hata kimoja kilichonunuliwa. Wavuvi walitoa maboya na kamba, akina mama wanaokamua mawese walitoa madumu yasiyofaa tena kutiwa mafuta, na fundi seremala mmoja wa mtaani alizipiga randa mbao zote ili zisiwachome watoto vibanzi. Magamba ya konokono wa ziwani, watoto waliruhusiwa kuokota yale tu yaliyotupwa na mawimbi ufukweni, maana yaliyo chini ya maji ni nyumba za samaki wadogo, na hilo nalo watoto walilijua kwa sababu ya kucheza.

Darasa letu la awali lina watoto zaidi ya mia moja, ilhali uwiano unaokubalika ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Bembea iliyopo inabeba watoto wawili, na waliobaki hupanga foleni hadi kengele inapogongwa. Vifaa ninavyovieleza huwapa shughuli watoto wote kwa wakati mmoja: hawa wanajenga bandari, wale wanauza dagaa, wengine wanasukuma roli la mbao kupanda mwinuko na kushindana na mteremko wake. Kwa shule yenye watoto wengi na fedha kidogo, sijaona kifaa kinachoishinda kwa manufaa rundo la vitu vya namna hii, na hata shule yenye fedha nyingi ingefanya vyema kuwa nalo.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Stoo ipo, ila imejaa madawati mabovu yanayosubiri kuhakikiwa.

Mwishoni mwa jengo la zamani kuna chumba cha stoo. Kuta zake ni za matofali, sakafu yake ni ya saruji, bati zake hazivuji, na mlango wake unatazamana na uwanja wa watoto wa awali, kana kwamba aliyekichora alijua kitahitajika kwa kazi hii. Ndani yake kuna madawati yaliyovunjika, yamepangwa moja juu ya jingine hadi karibu na dari. Mwalimu mkuu ametueleza, na tunamwamini, kwamba mali ya umma haifutwi kienyeji. Ni lazima ihakikiwe, iorodheshwe na kupatiwa kibali kabla ya kuuzwa, kugawiwa au kuteketezwa. Hatuupingi utaratibu huo. Sote tunajua yanayotokea pale mtu mmoja anapoachiwa uhuru wa kutangaza kwamba mali ya shule imechakaa.

Tunacholalamikia ni kwamba mhakiki hajafika. Orodha ya madawati iliandikwa na kutumwa. Ikarudishwa kwa maelezo kwamba fomu iliyotumika si yenyewe. Ikaandikwa upya na kutumwa tena, na tangu hapo hatujasikia lolote. Wakati huohuo, mengi ya madawati hayo yamepungukiwa ubao mmoja tu wa kukalia, na fremu zake za chuma ni nzima. Fundi niliyemtaja alikubali kuyatengeneza kwa gharama ya mbao na misumari peke yake, akaambiwa asiyaguse mpaka uhakiki ufanyike. Matokeo yake shule ina watoto wanaokaa sakafuni, ina madawati yanayotengenezeka, na ina stoo isiyoweza kutumika, na mambo yote hayo matatu yanasubiri ziara moja ya mtumishi mmoja mwenye daftari na kalamu.

2. Vifaa vimeharibiwa na mvua na mchwa, na vilivyosalia vikateketezwa kwa amri ya usafi.

Kwa kukosa stoo, vifaa viliwekwa chini ya mwembe na kufunikwa kwa turubai. Mkoani kwetu mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili, na mara nyingine hadi Mei. Turubai lilipasuka mapema. Mbao zilizogusa ardhi ziliingiwa na mchwa, vitenge viliota ukungu, na madumu yakaondoka moja baada ya jingine, kwa kuwa dumu zima lina bei sokoni na halikosi mwenye shida nalo. Wazazi walikusanya mengine. Kisha ikaja taarifa ya ugeni, likatolewa agizo la kusafisha mazingira ya shule, na vyote vilivyokuwa chini ya mwembe vikachomwa moto, maboya na plastiki vikiwemo. Sijui aliyeagiza alidhani anaondoa nini, lakini moshi wa plastiki ni sumu kwa mtoto aliye darasani jirani, wakati maboya yale yalikuwa hayamdhuru mtu.

Watoto waliporudi siku iliyofuata walikuta jivu. Wazazi waliotoa vitu hivyo kwa hiari walijifunza kwamba wakitoa tena vitachomwa tena, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya mbao, kwa sababu mchango wa hiari ukishadharauliwa hauombwi kirahisi mara ya pili.

3. Mzigo wote umemwangukia mwalimu.

Vifaa vichache tulivyokusanya baada ya moto vimewekwa kwenye viroba nyuma ya darasa, mahali palipokuwa na kona ya kujifunzia. Kila asubuhi mwalimu huburuta viroba hadi nje, na kabla ya kufunga shule huvirudisha. Vitu vizito, yaani magogo na roli, ambavyo ndivyo watoto wanavyovipenda zaidi, hawezi kuvibeba, kwa hiyo havitumiki. Vidogo navyo vikishachanganyika ndani ya kiroba, kokoto na vizibo na kamba vyote pamoja, mtoto hawezi kuchagua anachokitaka. Humwaga chote chini, na mwalimu huanza kuokota.

Hapa naomba uvumilivu wako, Ndugu Mkurugenzi, kwa kuwa jambo hili ndilo ambalo ofisi zetu hazijalipa uzito. Stoo ya vifaa hivi haifanani na stoo ya vitabu, ambayo hufungwa kwa kufuli na kufunguliwa na mtu mzima mmoja. Kutoa na kurudisha ni sehemu ya mchezo wenyewe na ni sehemu ya somo. Mtoto anayerudisha mbao ndefu kwenye rafu ya mbao ndefu na fupi kwenye rafu ya fupi anaainisha. Anayehakikisha kwamba maboya yote yamerudi anahesabu. Wawili wanaobeba gogo moja wanapatana nani atangulie mlangoni. Nchini Uingereza, katika mpango ulioanzia jiji la Bristol, shule huwekewa kibanda kizima uwanjani kilichojazwa mabaki safi ya viwandani. Wakati wa mapumziko mlango hufunguliwa, watoto hujichukulia wenyewe, na kabla ya kurudi darasani hurudisha. Vifaa na kibanda huja pamoja, kwa sababu imeshaonekana kwamba vifaa visivyo na mahali pa kukaa havimalizi mwaka.

Yanayohitajika ndani ya chumba chetu si mengi. Rafu ziwe fupi, zisizozidi kimo cha mtoto wa miaka 5, na ya chini kabisa iinuliwe kutoka sakafuni na kuachwa mbali kidogo na ukuta ili mchwa waonekane mapema kabla hawajajificha. Vitu vizito vikae chini karibu na mlango, vyepesi juu. Vidogo vikae kwenye madumu yaliyokatwa ubavuni huku mshikio ukiachwa, na kila dumu lichorwe picha ya kilichomo, maana wengi wao bado hawasomi. Kamba na vitenge vitundikwe kwenye misumari ya mbao, na kitenge kilicholowa kianikwe kwanza ndipo kiingizwe. Dirisha liwekewe wavu, hewa ipite. Mwalimu wetu ameshachora mpangilio huo kwenye karatasi ya manila, na mchoro ni mzuri.

4. Tuliahidiwa.

Katika mkutano wa wazazi, mwakilishi wa idara alisema mbele yetu kwamba stoo itafunguliwa kabla ya muhula kwisha. Muhula ule ulikwisha, na uliofuata pia. Muhtasari wa mkutano upo.

Ninajua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mengine nimeshayasikia kwa mdomo.

Itasemwa kwamba hakuna fedha. Hatujaomba fedha. Utaratibu wa elimumsingi bila malipo ulioanza mwaka 2016 uliondoa michango ya lazima, na tunaushukuru, lakini haukumkataza mzazi kuchangia kwa hiari yake. Mbao za rafu zipo, fundi yupo, kufuli na wavu wa dirisha tutavileta. Kisichoweza kutolewa na mzazi ni kibali cha serikali juu ya mali ya serikali.

Itasemwa kwamba vitu hivi ni takataka na havimo katika mtaala. Mtaala wa elimu ya awali wa nchi yetu unataka mtoto ajifunze kwa michezo na kwa zana zinazopatikana katika mazingira yake, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeuweka ujifunzaji wa awali bega kwa bega na afya na lishe. Kuhusu jina la takataka, tusiwe wa mwisho kuelewa. Mwaka 1943, Denmark ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, huko Emdrup katika jiji la Copenhagen ulifunguliwa uwanja wa watoto uliobuniwa na mbunifu wa mandhari Carl Theodor Sørensen, ambaye alikuwa ameona kwamba watoto huvutwa na maeneo ya ujenzi na mabaki kuliko viwanja alivyowachorea. Humo walipewa mbao, matofali na zana wajenge wenyewe. Mwaka 1971 msanii Simon Nicholson wa Uingereza alieleza sababu: kadiri mahali panapokuwa na vitu vingi vinavyoweza kubadilishwa, ndivyo uvumbuzi wa walio hapo unavyokuwa mkubwa. Mtoto wa Kigoma aliyetengeneza gari kwa dumu na vizibo hakumsubiri Nicholson, lakini pengine ofisi zetu zilimsubiri.

Itasemwa kwamba ni hatari. Hoja hii inastahili jibu refu kidogo. Nyoka na nge hujificha kwenye rundo lililolala chini, chini ya turubai, katika majani. Hawajifichi kirahisi kwenye rafu iliyoinuliwa ndani ya chumba kinachofunguliwa kila siku. Misumari huonekana na kung'olewa pale vifaa vinapopangwa na kukaguliwa, na haionekani ndani ya kiroba. Tairi lililotuama maji huzaa mbu, hasa Aedes anayeeneza dengue, na mkoa ambao utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliukuta na maambukizi ya juu kuliko mikoa yote kwa watoto walio chini ya miaka 5 hauna ruhusa ya kudharau mbu wa aina yoyote. Lakini tairi linalotuama maji ni lile lililoachwa mvuani. Likitobolewa matundu chini na kulazwa ndani, halituamishi kitu. Vipande vidogo kama maganda ya mise havimfai mtoto anayekuja na dada yake akiwa na miaka 2, kwa kuwa anaweza kumeza, na ndiyo sababu vinapaswa kuwa na mahali pake pa kufungwa. Kila hatari inayotajwa, ukiichunguza, inadai stoo.

Hatari ya mtoto kuanguka kutoka juu ya kreti haitaisha, na sitajifanya kwamba itaisha. Huko Sydney, Australia, watafiti walipeleka vifaa vya namna hii katika shule za msingi kwa wiki 13, katika utafiti uliohusisha shule 12, wakakutana pia na wazazi na walimu kuzungumzia woga wao juu ya watoto kuumia. Watoto waliopewa vifaa walijishughulisha zaidi kuliko wenzao wakati wa mapumziko. Ongezeko halikuwa kubwa, nami sitalitia chumvi. Linatosha kuonyesha kwamba watu wazima waliokaa wakazungumza waliweza kuruhusu kitu ambacho hapa kwetu kimechomwa moto bila mazungumzo.

Itasemwa, mwisho, kwamba kuna vipaumbele: vyoo, madawati, nyumba za walimu. Asemaye hivyo ana haki, na kama tungekuwa tunaomba stoo mpya ijengwe, ningekuwa upande wake, kwa maana matundu ya vyoo tuliyonayo hayatoshi. Lakini kuhakiki madawati mabovu hakupunguzi tofali hata moja la choo. Kinyume chake, kunarudisha madawati darasani.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, tunaomba yafuatayo:

(a) Mhakiki wa mali atumwe shuleni kabla ya mvua za mwaka huu kuanza, na tupewe tarehe yake kwa maandishi.

(b) Ikiwa kibali cha kufuta mali kitachukua muda, basi ruhusa itolewe madawati yahesabiwe, yaandikwe, yahamishiwe kwenye veranda ya jengo la zamani na kufunikwa, mbele ya mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati na mtendaji wa mtaa, nao watie sahihi. Yanayotengenezeka yatengenezwe.

(c) Chumba kikishakuwa wazi, kitambuliwe rasmi kuwa stoo ya vifaa vya darasa la awali, ili kisije kikageuzwa kuwa ghala la saruji mradi mwingine ukifika. Saruji ina tabia ya kupata chumba haraka.

(d) Lisitolewe tena agizo la kuchoma au kutupa vifaa vya watoto bila mwalimu wa darasa kuulizwa kwanza.

(e) Katika madarasa ya awali yatakayojengwa baadaye, mchoro uwe na stoo yenye mlango wa kuelekea uwanjani. Serikali kupitia BOOST, mradi wa kuboresha elimu ya awali na msingi, imejenga madarasa ya mfano ya elimu ya awali katika mikoa mbalimbali, na ni rahisi kuongeza chumba kidogo kwenye karatasi kuliko kukiomba baada ya jengo kuezekwa.

Wazazi wako tayari kukutana nawe au na yeyote utakayemtuma, siku ya kazi au Jumamosi, shuleni penyewe. Ufunguo wa stoo uko ofisini kwa mwalimu mkuu, na mchoro wa rafu umebandikwa ukutani mwa darasa. Tunaomba jibu lako liwe la maandishi, lipitie kwa mwalimu mkuu, nasi tutalisoma katika mkutano wa wazazi kama tulivyoisoma barua hii kabla ya kuitoa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi na mjumbe wa kamati ya shule,
Kigoma.

Nakala:
Afisa Elimu, Awali na Msingi
Afisa Elimu Kata
Mheshimiwa Diwani wa Kata
Mwalimu Mkuu
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule